Sauti Uliyoinasa Kimya Kimya: Namna ya Kuifikisha Mahakamani Bila Kujiponza

Mwenye nyumba alipokea kodi ya miezi sita mkononi, hakutoa risiti, na leo anakana. Msimamizi wako kazini anakwambia ukitaka mkataba uongezwe, "tuonane jioni". Ofisa mwenye faili la kiwanja chako anataka kwanza "ya chai". Katika hali kama hizi mnyonge hana karatasi wala shahidi. Alicho nacho ni simu. Anabonyeza kitufe cha kurekodi, anaitia simu mfukoni na kuingia ofisini huku moyo ukimdunda.

Akishatoka humo ndipo maswali yanapoanza. Je, nimevunja sheria? Hakimu ataisikiliza? Niliyemrekodi akikana kwamba ni sauti yake, nifanyeje? Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa kufuata sheria za Tanzania na Kenya, nchi mbili zenye sheria za ushahidi zilizochipuka kwenye shina moja, yaani Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Mtu anayedhulumiwa ana haki ya kujilinda kwa simu yake, na mahakama zetu haziifungii rekodi mlango kwa sababu tu ilichukuliwa kwa siri. Wengi huipoteza haki hiyo baada ya kurekodi: wanakata klipu, wanaituma kwenye magrupu, wanauza simu, kisha wanafika kortini na flashi isiyo na mwenyewe.

Kwanza jiulize: ulikuwemo kwenye mazungumzo?

Mtaani mambo mawili huchanganywa. La kwanza ni kurekodi mazungumzo ambayo wewe mwenyewe unashiriki: mmekaa wawili, anasema nawe, nawe unamjibu. La pili ni kunasa mazungumzo ya watu wengine ambao hawajui kama kuna sikio la tatu, kwa mfano kuacha simu ikirekodi chini ya kiti kisha ukatoka, kuweka programu ya upelelezi kwenye simu ya mtu, au kuingilia mawasiliano yake ya mtandaoni. Sheria huyatazama mambo haya mawili kwa macho tofauti.

Tanzania, Ibara ya 16 ya Katiba ya 1977 inalinda faragha ya mtu, familia yake, unyumba wake, makazi yake na mawasiliano yake binafsi. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, kifungu cha 120, inamtia hatiani anayenasa mawasiliano bila mamlaka ya kisheria, anayeyafichua, na hata anayeyatumia. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila haki na kunasa taarifa zinazopita humo. Simu janja ni kompyuta kwa mujibu wa sheria hiyo.

Kenya, Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inataja waziwazi kwamba faragha ya mawasiliano ya mtu isiingiliwe. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaweka faini ya hadi shilingi milioni 10 za Kenya, au kifungo cha hadi miaka 5, kwa anayenasa mawasiliano bila idhini. Anayeingia tu kwenye simu au akaunti ya mwingine bila ruhusa anakabiliwa na faini ya hadi milioni 5 au miaka 3.

Sasa wewe uliyekaa mezani na mwenye nyumba uko wapi katika hayo? Hoja ya wakili wako itakuwa kwamba hukunasa mawasiliano ya mtu, kwani maneno yale uliambiwa wewe, na ungeweza kuyarudia kwa mdomo kizimbani bila yeyote kukuzuia. Simu imesaidia tu kumbukumbu yako. Ni hoja nzito. Lakini haimalizi kila kitu, maana uliyemrekodi naye ana faragha yake, na mahakama itaipima. Rekodi ya mwajiri akidai rushwa ofisini haiwezi kulinganishwa na rekodi ya mtu akisimulia maradhi yake chumbani kwake. Kadiri jambo linavyozidi kuwa la ndani ya maisha ya mtu, ndivyo unavyohitaji sababu nzito zaidi ya kulirekodi.

Hapa wanandoa nawaasa hasa. Cheti cha ndoa hakikupi haki ya kupekua simu ya mwenzako, wala kumwekea programu inayokuletea meseji na simu zake. Wapo wanaofanya hivyo wakitafuta ushahidi wa talaka, kisha wanajikuta wao ndio wanaoandikisha maelezo polisi. Kama ndoa imefika huko, mwone wakili au baraza la usuluhishi kabla hujagusa simu isiyo yako. Ila mwenzako akikutishia wewe, akikutukana au akikupiga, na ukarekodi hayo unayofanyiwa, hilo ni jambo jingine: umo ndani ya tukio.

Ikipatikana vibaya, itakataliwa?

Historia ya jambo hili imepita kwetu. Wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, mwanamume mmoja aliyeitwa Kuruma mwana wa Kaniu alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, akapekuliwa na polisi wa cheo cha chini kuliko kile ambacho sheria iliruhusu kupekua. Wakadai wamemkuta na risasi mbili. Alihukumiwa kifo. Rufaa yake ikafika Privy Council jijini London, iliyokuwa mahakama ya mwisho kwa makoloni, nayo mwishoni mwa 1954 ikasema kinachotazamwa ni kama ushahidi unahusiana na kesi. Namna ulivyopatikana si hoja, ingawa hakimu ana hiari ya kuukataa akiona utamwonea mshtakiwa. Rufaa ikaanguka. Kanuni hiyo iliyotokana na maisha ya mtu mmoja ilitawala mahakama za Afrika Mashariki kwa miongo mingi, na bado hutajwa na mawakili hadi leo.

Kenya imesogea mbali na hapo. Ibara ya 50(4) ya Katiba ya 2010 inaagiza kwamba ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki za msingi utatupwa ikiwa kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki, au kutaharibu utoaji haki kwa namna nyingine. Soma masharti hayo kwa makini: haki kukiukwa peke yake hakutoshi, lazima pia madhara mojawapo kati ya hayo mawili yaonekane. Mwaka 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu waliisimamisha kesi ya jinai dhidi ya Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu baada ya kuona kwamba wapelelezi walitumia vibaya amri ya mahakama kupata taarifa zake za benki. Kama mlango unaweza kufungwa kwa nyaraka za benki zilizochukuliwa na dola yenyewe, usidhani utabaki wazi kwa klipu yako kwa sababu tu wewe ni raia mwenye uchungu.

Tanzania, kwenye kesi za jinai, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 169, inaipa mahakama hiari ya kukataa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja sheria. Hakimu hutazama uzito wa kosa linalochunguzwa, uharaka wa kuokoa ushahidi usipotee, ukubwa wa ukiukwaji wenyewe, na kama ushahidi huohuo ungeweza kupatikana kwa njia halali. Anayetaka upokelewe ndiye mwenye mzigo wa kuishawishi mahakama. Upande wa pili, Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, kifungu cha 40A, kilichoongezwa 2007, inasema moja kwa moja kwamba rekodi ya sauti au video ya matendo au mazungumzo ya mshtakiwa inapokelewa kwenye kesi ya jinai. Kwa hiyo rekodi kuwa rekodi si kasoro, na mabishano yatahusu ilivyopatikana na ilivyotunzwa.

Namba za vifungu hubadilika sheria zinapochapishwa upya. Ukienda kwa wakili, mwambie akuoneshe toleo linalotumika sasa.

Unakwenda mbele ya nani?

Jibu la "itakubaliwa?" hutegemea pia meza unayoipelekea. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania haitumiki Mahakama ya Mwanzo, kwani mahakama hizo zina kanuni zake nyepesi za ushahidi. Mgogoro wa kazi huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambako kwanza mnakalishwa mpatane, na mara nyingi mwajiri akijua una rekodi, mazungumzo hubadilika. Kenya, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi haifungwi kikamilifu na kanuni za ushahidi isipokuwa kwenye mashauri ya jinai, na Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, nayo imelegezewa kanuni hizo.

Kwenye kesi ya jinai masharti hukaza, maana uhuru wa mtu uko mezani. Rekodi iliyotosha kukurudishia kodi yako huenda isitoshe kumfunga mtu.

Kabla hujabonyeza

Kama una muda wa kujiandaa, fanya haya.

Jiulize unataka kuthibitisha nini, kwa sentensi moja. "Alipokea 900,000 mwezi Januari." "Alisema sitapewa mkataba nisipokubali." Ukishaijua sentensi hiyo, utajua ni maswali gani ya kuuliza, na hutarekodi saa mbili za soga.

Yataje mambo kwa majina yake ndani ya mazungumzo. Rekodi nyingi huanguka kwa sababu sauti inasema "ile kitu" na "yule jamaa". Ukisema kwa upole, "Mzee, ile kodi ya Januari hadi Juni niliyokupa mkononi, laki tisa, naomba risiti yake," naye akajibu, "Nitakupa, si nimekwambia nilizipata?" umepata kila kitu: nani, kiasi gani, ya miezi ipi, na kukiri kwake. Maneno ya mtu ya kukiri jambo linalomuumiza mwenyewe hupokelewa dhidi yake. Maneno ya mtu wa tatu aliyesikia kwa mwingine ni uvumi hata yakirekodiwa vizuri namna gani.

Usimtege aseme asichokuwa nacho moyoni. Ukimbembeleza mtu, ukamtisha au ukamlewesha ndipo umrekodi, rekodi hiyo itakuaibisha wewe.

Ifahamu simu yako. Tangu Mei 2022 Google ilizifungia programu nyingi za Android njia iliyokuwa ikitumika kurekodi simu zinazopigwa. iPhone zenye iOS 18.1 na kuendelea zinaweza kurekodi simu, lakini hutangaza kwa sauti ili pande zote mbili zisikie. Kwa hiyo anayetegemea siri kwenye simu iliyopigwa anaweza kuumbuka papo hapo. Kurekodi mkiwa ana kwa ana kwa kinasa sauti cha kawaida cha simu hakuna tangazo. Jaribu kwanza ukiwa nyumbani, simu ikiwa mfukoni, usikie kama nguo haikwaruzi kipaza sauti.

Na fikiria kuomba ruhusa. "Mheshimiwa, narekodi ili nisisahau maelekezo yako." Ofisa mwenye nia njema hatakataa, na rekodi ya wazi haina wa kuipinga kwa hoja ya faragha. Akikataa na kukupandishia sauti, andika pia kwamba alikataa, tarehe na saa.

Saa za kwanza baada ya kurekodi

Hapa ndipo kesi nyingi hufa, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Usikate chochote, hata kile kikohozi cha mwanzo au dakika tatu za salamu. Klipu iliyokatwa humpa wakili wa upande wa pili swali lake bora: "Uliondoa nini?"

Usiitume kwanza kwa WhatsApp. Programu za kutumiana ujumbe hubana video, hubadilisha jina la faili na kuondoa taarifa za ndani zinazoonesha lilitengenezwa lini na kwa kifaa gani. Nakili faili kwa waya kutoka kwenye simu hadi kwenye kompyuta, kisha kwenye flashi mpya au diski, na faili la asili liache palepale kwenye simu. Mtu anayejua kompyuta anaweza kukutolea alama ya kidijitali ya faili, msururu wa herufi na tarakimu unaoitwa SHA-256, ambao hubadilika wote hata ikiguswa sekunde moja tu ya sauti. Iandike alama hiyo. Miezi 18 baadaye, ikilingana, hakuna atakayesema umechezea.

Simu yenyewe ni kielelezo. Usiiuze, usimpe mdogo wako, usiifute kumbukumbu ili upate nafasi. Ikiharibika, itunze hivyohivyo na umwambie wakili.

Andika siku hiyohiyo, kwa mkono wako, tarehe, saa, mahali, waliokuwepo, aina ya simu, na nini kilitangulia. Kila mtu mwingine atakayeishika flashi au simu, andika jina lake, siku aliyoipokea na siku aliyoirudisha. Orodha hiyo fupi ndiyo mahakama huiulizia inapotaka kujua kielelezo kimepita mikono ya nani.

Kisha andika mazungumzo yote kwa maneno, neno kwa neno, ukiweka dakika pembeni. Mfano:

04:12 – Mimi: Kwa hiyo nisipokuja jioni mkataba hakuna?
04:16 – Msimamizi: Wewe si mtoto, umeelewa.
04:19 – (Kimya, mlango unafunguliwa)
04:25 – Msimamizi: Barua nimeiandaa, inasubiri jibu lako tu.

Usisafishe lugha. Akitukana, andika tusi. Pasiposikika, andika "haisikiki", usibuni. Kama mlizungumza Kisukuma, Kikamba au Kigiriama, mazungumzo yatahitaji kutafsiriwa na mtu anayeweza kusimama kizimbani kuthibitisha tafsiri yake. Tanzania, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, jambo linalorahisisha rekodi nyingi. Kenya, rekodi ya Kiswahili inaweza kusikilizwa mbele ya hakimu kama ilivyo, lakini ikifika Mahakama Kuu jiandae na tafsiri ya Kiingereza.

Siku kielelezo kinapotolewa

Kenya ina sharti lisilosamehe uzembe. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kilichosainiwa na mtu anayehusika na kifaa, kikieleza ni rekodi gani, ilitolewaje, na kwa kifaa kipi. Mahakama zimekataa diski za video zenye picha safi kabisa kwa sababu tu cheti hakikuwepo. Kama ulirekodi kwa simu yako na ukainakili mwenyewe, wewe ndiwe wa kusaini. Kama aliyenakili ni fundi, naye aandike chake na ajue anaweza kuitwa.

Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inasema taarifa haitakataliwa kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Lakini inamwelekeza hakimu apime kuaminika kwa namna ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyotumwa, kama haijabadilishwa, na kama mwenye maneno ametambuliwa. Mawakili huyajibu hayo kwa hati ya kiapo au kwa kumwongoza shahidi ayaeleze kwa mdomo kabla ya kuomba kielelezo kipokelewe. Hatua hiyo ikirukwa, pingamizi linapata nguvu.

Nalo pingamizi lenyewe huwa hivi. Unasimama, wakili wako anaomba flashi ipokelewe. Wa upande wa pili anainuka: "Mheshimiwa, napinga." Kisha anakugeukia. Simu hiyo ni yako? Ulinunua lini? Nani mwingine anajua nywila yake? Flashi hii ulinunua wapi, na ilikuwa na nini ndani? Ulijuaje ni sauti ya mteja wangu? Kwa nini hukumwambia kwamba unamrekodi? Siku hizi litakuja na hili: una hakika sauti hii haikutengenezwa kwa akili mnemba?

Aliyeandika siku ileile hujibu kwa utulivu. Kuhusu sauti, sheria huruhusu mtu anayemfahamu mwenzake vizuri aitambue sauti yake. Eleza umefanya naye kazi muda gani, mnazungumza mara ngapi kwa wiki. Ikibidi, mahakama inaweza kusikia mtaalamu. Kinga bora dhidi ya shutuma ya sauti bandia ni faili la asili ndani ya simu ya asili, pamoja na mambo ya nje yanayokubaliana nalo: meseji ya kuitana, muamala wa M-Pesa, kitabu cha wageni getini chenye jina lako saa ileile. Rekodi ikisimama peke yake huyumba. Ikiegemezwa na vitu viwili vitatu vya kawaida, ni vigumu kuiangusha.

Kama ni rushwa, usiende peke yako

Kwa rushwa ipo njia iliyonyooka kuliko kujirekodia. Tanzania, ripoti TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kabla hujatoa hata senti. Namba yao 113 haina malipo. Kenya, nenda ofisi za EACC, tume ya kupambana na rushwa. Wapelelezi wanaweza kukupa kinasa sauti chao, wakaandaa fedha za mtego na wakaandika namba za noti. Kenya noti hizo hupakwa unga wa kemikali unaobaki mikononi mwa mpokeaji. Mashtaka ya namna hiyo hufika kortini yakiwa na sauti, noti, ripoti ya maabara na ofisa aliyeshuhudia. Na wewe unakuwa mlalamikaji. Ukitoa fedha kimya kimya huku unarekodi, utalazimika kwanza kueleza kwa nini nawe usishtakiwe kwa kutoa.

Si kwenye rushwa tu: kama anayedhulumiwa ni mtoto, nako usimhoji mbele ya kamera. Kila mara unapomrudisha kwenye simulizi unamuumiza, na maswali ya mzazi mwenye hasira humwekea mtoto maneno mdomoni. Mpeleke Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, namba ya kusaidia watoto Tanzania na Kenya. Picha za mwili wake usimtumie yeyote, hata shangazi.

Usiitupe mtandaoni

Najua hasira. Unataka mtaa mzima umjue huyu mtu alivyo. Lakini siku unapoirusha kwenye grupu, umegeuka kutoka mlalamikaji na kuwa mtu anayeweza kushtakiwa. Unaweza kudaiwa fidia kwa kumchafulia mtu jina, au kwa kukiuka sheria za kulinda taarifa binafsi, ambazo Kenya ilizitunga 2019 na Tanzania 2022. Ikiwa ni picha za faragha za mwili, Kenya inaadhibu usambazaji wake kwa faini ya hadi shilingi 200,000 au kifungo cha hadi miaka 2, hata kama uliyempiga picha alikuwa mpenzi wako na aliridhia kupigwa.

Upo pia ubaya wa pili usioonekana haraka. Klipu ikishasambaa, wanaikata, wanaitia maneno, wanaiongezea sauti. Siku ya kesi, upande wa pili unaleta matoleo manne tofauti na kumuuliza hakimu: lipi ndilo la kweli? Mashahidi wako nao wataambiwa hawakusikia tukio, walisikia klipu.

Itume kwa mtu mmoja tu, wakili au mpelelezi wako.

Kwa ndugu walioko ughaibuni

Usibebe desturi za nyumbani ukadhani zinavuka mpaka. Wafanyakazi wengi wa ndani kutoka pwani yetu na bara wako Ghuba, na wengine hurekodi mateso wanayofanyiwa. Umoja wa Falme za Kiarabu, sheria ya makosa ya mtandao ya 2021 inamwadhibu anayerekodi mazungumzo au kumpiga mtu picha kwa kuingilia faragha yake: kifungo kisichopungua miezi 6, au faini kati ya dirhamu 150,000 na 500,000. Saudi Arabia, sheria ya 2007 inaadhibu matumizi mabaya ya kamera ya simu dhidi ya faragha ya watu kwa kifungo cha hadi mwaka mmoja au faini ya hadi riyali 500,000. Ukiwa huko, usitume video nyumbani ikasambazwa kukutetea. Piga picha majeraha yako mwenyewe, nenda hospitali upate cheti, na wasiliana na ubalozi.

Ujerumani, kurekodi maneno ya faragha ya mtu bila idhini yake ni jinai yenye kifungo cha hadi miaka 3. Marekani, sheria ya shirikisho huridhika na idhini ya mshiriki mmoja, lakini majimbo kama California hutaka kila mshiriki aridhie.

Njia nyepesi inayosahaulika

Mara nyingi huhitaji siri yoyote. Toka kwenye kikao, kaa mahali, mwandikie: "Habari ya mchana bosi. Kama tulivyozungumza leo saa nne, umesema likizo yangu ya siku 28 haitalipwa. Naomba unirekebishe kama sikuelewa." Akijibu "sawa", umepata maandishi yake. Akinyamaza wiki mbili, ukimya wake nao utasomwa na hakimu pamoja na mengine. Lipa kodi kwa simu au benki badala ya mkononi, na kwenye maelezo ya muamala andika mwezi. Nenda na mtu mzima mmoja asikie. Hayo hayamvunjii mtu faragha, na ushahidi wake hauhitaji mtaalamu wa sauti.

Rekodi ya siri iwe kimbilio pale njia hizo zimezibwa na madhara ni makubwa: vitisho, rushwa ya ngono, kipigo, udhulumaji wa mali. Hapo irekodi bila aibu, maana sheria haikutaka mnyonge aumie akiwa bubu. Kisha, ndani ya siku chache, beba simu yenyewe, daftari lako na flashi, uende kwa wakili. Kama huna fedha, Tanzania ina wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, pamoja na mashirika kama TAWLA na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Kenya ina Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016, pamoja na mashirika kama Kituo cha Sheria na FIDA. Waambie ukweli wote, hata ule usiokupendeza: ulirekodi wapi, nani ameisikia, na kama kuna mahali ulikata. Wakili anayejua kasoro mapema ana nafasi ya kuijibu. Anayeisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mpinzani wako hana tena la kukusaidia.